Friji ya kubebeka kwenye mashua: hesabu betri kabla ya lita

Swali la kwanza la wenye mashua huwa ni lita ngapi. Mimi huanza kwingine: betri yako ni ya Ah ngapi (ampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), na ikiwa majini inachajiwa na nini? Friji nyingi zinazolaumiwa kwa kuzima usiku hazina kasoro yoyote. Zilinyimwa umeme.

Nachukua mfano wa jahazi linalopeleka wageni kutoka Lamu hadi Kiwayu na kurudi, siku mbili au tatu: vinywaji, maziwa, mboga, nyama kidogo na samaki watakaovuliwa njiani.

Dukani utakuta friji za aina tatu zinazofanana kwa nje. Ya bei ndogo haina kompresa. Inapoza kwa feni na kibati cha Peltier, kinachopoa upande mmoja na kupata joto upande wa pili umeme ukipita. Soma karatasi yake vizuri, utaona inaahidi kushusha joto nyuzi 20 hivi chini ya joto la nje. Kaskazi ikiwa na nyuzi 33, ndani utapata 13, na maziwa hayalali humo. Tena inakula ampia 4 au 5 bila kupumzika. Ipo ya gesi inayozungusha amonia kwa moto. Hiyo inataka kukaa wima, na mashua ikilala upande kwa muda mzunguko unasimama. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka hadi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kungoja cheche. Kwenye chombo siishauri kabisa. Inayobaki ni ya kompresa ya volti 12, mfano zile zenye kompresa ya Secop, iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Danfoss. Hizi zinavumilia mlalo wa nyuzi 30 hivi na zinagandisha hata kwenye joto letu. Muuzaji akisema ina kompresa, inyanyue. Ya lita 40 ina uzito wa kilo 15 hadi 20. Ikiwa nyepesi kama deli (sanduku la barafu) tupu, uliza tena.

Sasa hesabu. Friji ya kompresa ya lita 40 huvuta ampia 4.5 hivi inapofanya kazi. Wakati wa kaskazi, ikiwa kivulini, kompresa hufanya kazi karibu asilimia 45 ya muda. Zidisha: 4.5 × 24 × 0.45, unapata karibu 50Ah kwa siku. Betri ya risasi ya 100Ah haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo siku moja inaimaliza. Betri ya gari itakufa mapema zaidi, maana imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Lithiamu ya LiFePO4 ya 100Ah inakupa 80Ah au zaidi, lakini hakikisha chaja yako imewekwa kwa aina hiyo. Na betri ya friji iwe yake peke yake. Usiichanganye na ya kuwashia injini.

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali la saa tano hurudisha kama 30Ah. Kwa hiyo weka wati 200. Shida ya jahazi ni tanga na foromali, yaani mti unaobeba tanga: kivuli chembamba, hata cha kamba tu, kikipita juu ya paneli kinaangusha umeme vibaya kuliko unavyodhani. Paneli mbili za wati 100, moja kila upande na zimeungwa sambamba, ni bora kuliko moja kubwa. Usitegemee injini ndogo za kuvuta kwa kamba. Nyingi hazichaji betri.

Hapa kwenye waya ndipo pesa za watu zinapotea. Friji ina kinga ya betri: volti zikishuka hadi kiwango fulani inajizima. Lakini inapima volti zinazoifikia yenyewe, haijui kilichopo kwenye betri. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye friji, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa ampia 5, waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.6, wa 2.5 unapoteza 0.35, wa 6 unapoteza 0.15 tu. Kwa hiyo kwa waya wa 1.5 betri yenye volti 12.0 inaonekana kwa friji kama 11.4, nayo inaweza kuzima wakati umeme bado upo. Nunua waya wa 6, wenye nyuzi zilizopakwa bati ili chumvi isizile, na fyuzi ya ampia 15 karibu kabisa na betri. Plagi ya kiberiti cha gari iache: inalegea kwa mtikisiko, inapata kutu, kisha inapata moto. Funga kwa skrubu.

Samaki ni habari nyingine. Kushusha kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 30 hadi 4 ni kuondoa kilojuli 940 hivi za joto. Tuseme friji ya lita 40, baada ya kupambana na joto linalopenya kuta zake, inabaki na uwezo wa wati 40. Itachukua zaidi ya saa sita bila kompresa kupumzika, na wakati huo vinywaji navyo vinapata joto. Barafu ya kilo 3 iliyopondwa inaondoa joto hilo hilo mapema zaidi. Kwa jodari, nguru na vibua hili si la mjadala: wakikaa na joto wanatengeneza histamini, kemikali inayodhuru mlaji, na kuwapika hakuiondoi. Kwa hiyo deli la barafu linabaki chomboni hata ukinunua friji. Samaki apozwe humo kwanza, ndipo ahamie.

Pakia vitu vilivyokwisha kupozwa nchi kavu. Acha sentimita 10 mbele ya matundu ya hewa, la sivyo kompresa haipumziki. Ifunge kwa kamba pande mbili, juu ya vibao, maji ya ngama yasiifikie. Mkirudi, futa matundu na viungo vya waya kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi.

Kabla ya safari ya kwanza, iwashe ikiwa imejaa na upime volti kwenye betri, kisha kwenye plagi ya friji, kompresa ikiwa inazunguka. Tofauti ikizidi 0.4, badilisha waya kabla hujagusa kitu kingine.