Setilaiti haikujui, picha ya sofa inakujua

Wengi huzima GPS, mfumo wa simu kujua mahali ilipo kwa setilaiti, wakidhani wamejificha. Setilaiti haina habari na wewe. Iko juu kilomita kama 20,200, inatangaza saa na mahali ilipo yenyewe, basi. Simu husikiliza angalau nne, ikapiga hesabu ya mahali ulipo, na jibu hubaki ndani ya simu. Ghorofani Kariakoo mawimbi hayo yakififia, simu hujazia kwa Wi-Fi za majirani. Anayekuuza ni programu inayolichukua jibu na kulituma kwa bando lako mwenyewe.

Chukua tangazo la kuuza sofa. Umepiga picha sebuleni, kamera ikiwa na ruhusa ya mahali. Ndani ya faili zimeandikwa latitudo na longitudo, namba za mahali ulipopigia picha. -6.82, 39.27 ni Kariakoo kwa jumla, kipande cha kilomita moja hivi. Kila namba ikiongezewa tarakimu mbili mwishoni, umeshuka hadi mita 11. Hapo ni mlangoni. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, namba hizo huondolewa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, zinakwenda zilivyo. Zima uhifadhi wa mahali kwenye mipangilio ya kamera. Picha za zamani hazitabadilika, kwa hiyo zipige skrinshoti, utume hiyo.

Halafu ingia Mipangilio, Mahali, kagua ruhusa za programu. Tochi inataka kujua unalala wapi ili imulike nini? Inyime. Programu ya usafiri ipe ruhusa ya wakati unaitumia tu, lakini iachie mahali kamili. Android 12 na iOS 14 kwenda mbele zinakuruhusu kutoa mahali pa kukadiria. Panatosha kwa hali ya hewa, ila bodaboda atakupigia yuko Sinza Mori na wewe uko Kijiweni.

Mahali mubashara pa WhatsApp huchaguliwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua 15, ya 8 huendelea kukufuata hata baada ya safari kwisha.

Kuzima mahali hakukufichi kwa mnara. Laini ikiwa hewani, mtandao lazima ujue uko eneo la minara ipi, la sivyo simu haitaita. Hapo mipangilio haikusaidii, labda uiweke simu hali ya ndegeni. Kinachobaki ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.