Gaibian si tafsiri

Neno gaibian, ambalo Wachina hulitumia kwa kazi ya kuandaa tamthilia ya kale ili ichezwe mbele ya watazamaji wa leo wa opera ya jadi, limekuwa likielezwa kwa Kiswahili kuwa ni "tafsiri ya kisasa", na kosa hilo limerudiwa mno.

Maana yake ni fupi: kuchukua andiko lililopo na kulipanga upya kwa ajili ya jukwaa. Uzito umo katika sehemu ya pili ya neno. Gai ni kubadilisha. Lakini bian huandikwa kwa alama yenye uzi wa hariri ubavuni, kwa kuwa kabla ya karatasi Wachina waliandika juu ya vipande bapa vya mwanzi, wakavipanga na kuvifunga kwa kamba, na kufunga huko ndiko kulikoitwa bian. Mwanahistoria wa kale Sima Qian anasimulia kwamba Confucius uzeeni alikisoma Kitabu cha Mabadiliko hata kamba zake zikakatika mara tatu. Mwenye kufanya gaibian, basi, hufungua kamba, huondoa baadhi ya vipande, kisha huifunga kazi upya. Wala halazimiki kugusa neno lililoandikwa juu ya mwanzi.

Katika Kunqu, aina mojawapo ya opera ya jadi ya Kichina, jambo hili ni zito, kwa sababu maneno hutungwa kufuata muziki uliokwisha kuwapo, wenye mishororo na toni zake, hivi kwamba ukibadilisha neno umeugusa wimbo. Tang Xianzu, aliyeandika tamthilia ya Mudan Ting yenye maonyesho (yaani sehemu) 55 mwaka 1598, aliona wenzake wakiyageuza maneno yake ili yaimbike kwa wepesi, akamwandikia mwigizaji mmoja kumsihi asilifuate kabisa andiko lao, hata kama lililoongezwa au kupunguzwa ni neno moja au mawili. Mwandishi Pai Hsien-yung na wenzake, waliposhusha idadi ya maonyesho ya tamthilia hiyo hadi 27 ya kuchezwa usiku tatu, huko Taipei mwaka 2004, walijiwekea kanuni ya kukata bila kubadilisha. Du Liniang, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anapoingia bustanini na kuyakuta maua yamechanua kando ya visima vilivyobomoka, huimba maneno ya Tang mwenyewe, na asiyeyaelewa huyasoma yakiwa yameandikwa kando ya jukwaa.

Shiwu Guan, tamthilia nyingine ya Kunqu iliyopangwa upya mwaka 1956 katika jimbo la Zhejiang, ni habari nyingine. Maonyesho 26 yalibaki 8, ndugu mmoja kati ya wawili walioshtakiwa akaondolewa pamoja na kesi yake, na ndoto iliyomfumbua macho hakimu Kuang Zhong ikafutwa, hata sasa anaufikia ukweli kwa kuipekua nyumba alimouawa mtu.

Kwa hiyo ningeomba ile ya 2004 iitwe Mudan Ting iliyopunguzwa, na Shiwu Guan iitwe tamthilia iliyopangwa upya. Neno tafsiri tuwaachie wale wanaoyaandika yale maneno ya kando ya jukwaa kwa lugha nyingine.