Mkoba wa Waziri hufika Bungeni ukiwa umeshagawanywa

Kila Juni, bajeti ya Kenya inaposomwa, mpwa wangu hunipigia simu na swali lile lile: "Mjomba, kwani serikali haiwezi kutumia tu kile ilicho nacho?" Nami niliwahi kuuliza hivyo, kabla sijaingia kwenye kazi ya bajeti.

Nakisi ya bajeti kwa hesabu ni rahisi. Toa mapato kwenye matumizi, pengo linalobaki hukopwa. Shida ni kwamba Waziri wa Fedha anapouinua ule mkoba wa bajeti mbele ya kamera, sehemu kubwa ya fedha ina wenyewe tayari. Deni la taifa hulipwa kwanza, na wabunge hawalipigii kura kila mwaka. Katiba inazipa kaunti, yaani serikali za mashinani, angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kuna walimu, polisi, wauguzi, wastaafu. Riba peke yake siku hizi inameza takriban theluthi moja ya kodi. Wembe hubakiwa na pa kukata padogo, na mara nyingi ni barabara na maji.

Ndiyo maana 2024 ilinifundisha zaidi ya vitabu. Serikali ilitaka Mswada wa Fedha, ule wa kodi, ulete takriban shilingi bilioni 346 za ziada. Vijana wakafurika barabarani kuupinga, Juni 25 Bunge likavamiwa, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Wengi walidhani pengo limezikwa pamoja na mswada. Lakini matumizi yalikuwa yameshapangwa. Julai 5 Rais akapendekeza kukata bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Jumlisha mwenyewe. Karibu nusu ya kodi iliyokataliwa ikageuka deni. (Sisemi waandamanaji walikosea. Ule ushuru wa mkate uliopendekezwa mwanzoni nisingeutetea hata kwa kulipwa.)

Na deni lenyewe lina bei. Mwaka 2014 Kenya iliwauzia wawekezaji wa nje hatifungani (hati ya mkopo wa serikali) ya dola ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Ilipokaribia kuiva, Februari 2024, tukakopa dola bilioni 1.5 ili tuilipe, safari hii kwa asilimia 9.75. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hata hayo matanga tuliyakopea. Mwezi huo huo hatifungani ya miundombinu hapa nyumbani ilitoka kwa zaidi ya asilimia 18. Benki ikipata hizo serikalini bila jasho, fundi wa samani wa soko la Gikomba, Nairobi, atakopeshwa kwa ngapi?

Kuna pia nakisi isiyosomwa kwenye hotuba yoyote: bili za wanakandarasi. Niliwahi kufanya kazi kwenye idara ya fedha ya kaunti moja, nisiyoitaja. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, na pesa zikikosekana, dawa yetu ilikuwa kutolipa. Kazi imefanyika, ankara imepokewa, inawekwa kando. Mzee mmoja aliyetuchimbia visima alikuja kila Alhamisi kwa miezi kadhaa, huku benki ikimtishia kumnadia lori.

Kwenye ripoti yetu mwaka ule hapakuwa na pengo hata la shilingi. Lilikuwa limeketi pale mapokezi, faili magotini.