Dini, wanawake na Katiba ya Tunisia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ushindi wa chama cha Kiislamu baada ya mapinduzi ya Tunisia uliwafungia wanawake nje ya uandishi wa Katiba.

Ukweli: Rais Zine El Abidine Ben Ali alikimbia nchi tarehe 14 Januari 2011. Kabla ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, sheria ilikwisha kuamuru kwamba katika kila orodha ya wagombea wanaume na wanawake wapangwe kwa kupokezana. Vyama vidogo, ambavyo orodha zao kwa kawaida zilitanguliwa na mwanamume, mara nyingi viliambulia kiti kimoja tu jimboni, na kiti hicho akakichukua yeye. Ennahda, chama cha Kiislamu kilichopata viti 89 kati ya 217, kiliweza kupitisha wagombea kadhaa katika jimbo moja, na ndiyo maana wengi wa wanawake walioingia katika Bunge la Katiba walitoka humo. Meherzia Labidi, mwanamke wa chama hicho aliyevaa hijabu, akawa Makamu wa Spika.

Dhana: Mvutano ulikuwa baina ya wanaume wa dini na wanawake wasiotaka dini.

Ukweli: Rasimu ya Agosti 2012 ilimtaja mwanamke kuwa mkamilishaji wa mwanamume ndani ya familia. Tarehe 13 mwezi huo, siku ya kumbukumbu ya sheria ya familia ya mwaka 1956 iliyopiga marufuku mitala, maelfu waliandamana jijini Tunis wakidai usawa. Hata hivyo, miongoni mwa waliokitetea kifungu hicho alikuwamo Farida Labidi, mbunge wa Ennahda aliyeongoza kamati ya haki na uhuru, ambaye hakukiona kuwa kinapingana na usawa. Kumhesabu mwanamke kama huyu kuwa sauti ya kuazimwa na wanaume ni kumnyima akili yake mwenyewe, hata kwa sisi tunaoamini kwamba waandamanaji ndio waliokuwa na haki. Kifungu kiliondolewa.

Dhana: Usawa ulipatikana kwa kuiondoa dini katika Katiba.

Ukweli: Katiba iliyopitishwa Januari 2014 kwa kura 200 iliutaja Uislamu katika Ibara ya 1, na kumtaka Rais awe Mwislamu, awe mwanamume au mwanamke. Katiba hiyo hiyo ililinda uhuru wa dhamiri, ikatamka katika Ibara ya 21 kwamba raia wa kike na wa kiume ni sawa, na katika Ibara ya 46 ikaifunga serikali kuzilinda haki ambazo wanawake walikwisha kuzipata.

Dhana: Ibara hizo zilimaliza kazi.

Ukweli: Muswada wa mwaka 2018 wa usawa katika mirathi haukupita. Baada ya Rais Kais Saied kuleta Katiba nyingine mwaka 2022, sheria mpya ya uchaguzi iliziacha orodha na kumfanya kila mgombea asimame peke yake, na kanuni ya kupokezana ikatoweka pamoja nazo.