Mvuke wa Lignini Hausubiri

Aliyewahi kusimama karibu na tanuri la mkaa anaujua ule moshi mzito wa mwanzo unaowasha macho, na yale matone meusi yanayonata pale moshi unapotokea. Sehemu kubwa ya weusi ule ni lignini iliyovunjika. Kazi yangu ni kuukamata moshi wa namna hiyo kabla haujawa lami.

Lignini ndiyo gundi ya mti. Selulosi ni nyuzi, lignini huzishikanisha mti ukasimama. Katika msonobari hufikia robo hadi theluthi ya uzito mkavu, na kifuu cha nazi nacho kimejaa. Viwanda vya karatasi huitenga na nyuzi kwa kuchemsha mbao na soda kali, kisha karibu yote huchomwa kwenye boila. Joto lile linaendesha kiwanda, sikatai. Ila lignini imeundwa kwa pete za kaboni zilezile tunazozitafuta kwenye petroli, na inaniuma kuziona zikiishia kuwa moto.

Njia ninayotumia kuziokoa ni pirolisisi, yaani kupasha joto bila hewa. Tunafika nyuzi joto 500 hivi, na mvuke unapozwa ndani ya sekunde chache. Ukichelewa, fenoli, yaani vipande vya lignini vyenye pete hizo, vilivyoachana vinashikana upya. Hata ukiwahi, mafuta yanayopatikana yana oksijeni nyingi, na yakikaa kwenye pipa yanazidi kuwa mazito.

Hapo ndipo kinapoingia kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuliwa. Ninachokitumia zaidi ni zeolaiti (fuwele yenye vitundu vidogo sana) iitwayo ZSM-5, iliyopewa hataza mwaka 1972 chini ya kampuni ya Mobil. Ni unga mweupe wenye vitundu vya upana wa nanomita 0.55 hivi, pete ya benzeni, yenye kaboni sita, inapita kwa kubanana. Ndani kuna asidi inayong'oa oksijeni na kuitoa kama maji, kaboni monoksidi na kaboni dioksidi. Kinachobaki ni benzeni, tolueni na wenzao, zile pete za kaboni tunazozitafuta.

Shida ni vipande vikubwa vya lignini. Haviingii. Vinang'ang'ania mlangoni, vinaungua na kuwa masizi, na unga niliouweka mweupe nautoa mweusi tii. Masizi hayo huondoka nikiyachoma kwa hewa. Sodiamu ya ile soda kali, iliyobaki kwenye lignini ya kiwandani, ndiyo adui mbaya zaidi, kwa sababu inaiua asidi yenyewe na hewa haiirudishi. Kwa hiyo naiosha lignini kwanza, kwa asidi hafifu na maji mengi, hata ikinigharimu siku nzima.

Kisha kuna jambo ambalo michoro mizuri haionyeshi: lignini huyeyuka kabla ya kuwa mvuke. Siku moja mtambo ulikataa kulishwa. Nilipofungua bomba nikakuta povu jeusi limeganda, limejaa matundu kama sifongo, lakini gumu la kugonga kwa patasi. Tangu hapo bomba la kulishia nalipoza kwa maji mpaka mlangoni mwa tanuri, na lignini naichanganya na mchanga.

Kichocheo nacho nakiweka chumba cha pili, kipitiwe na mvuke tu, mbali na majivu. Mafuta yanapungua, maana kila oksijeni inayotoka kama kaboni dioksidi inaondoka na kaboni yetu. Nakubali kupata kikombe kimoja kinachokaa miezi bila kuganda kuliko vitatu vinavyogeuka lami.