Je, wajua kwa nini bega bandia hugeuzwa juu chini?

Bibi wa Kongwa akiteleza uani na kuangukia bega, picha ya eksirei wakati mwingine huonyesha kichwa cha mfupa wa mkono kimepasuka vipande vinne na kuchomoka mahali pake. Mishipa ya damu inayokilisha ni myembamba, nayo hukatika pamoja na mfupa. Kipande kilichokosa damu chaweza kufa hata kikiungwa kwa vyuma na skrubu, ndipo daktari hufikiria kiungo bandia.

Bega bandia si jambo la jana. Mwaka 1893 Mfaransa Jules-Émile Péan alimwekea mgonjwa wa kifua kikuu cha mfupa bega la platinamu na mpira. Miaka ya 1950 Mmarekani Charles Neer akawawekea waliovunjika bega kichwa cha mfupa cha chuma. Maumivu yalipungua, lakini wengi walishindwa kuinua mkono. Bega halina kikombe kirefu kama nyonga. Hushikiliwa na misuli minne midogo, na kano zake zimejishikiza kwenye vipande vilevile vilivyovunjika. Vipande visipounga, kano hazina pa kuvutia.

Mwaka 1985 Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, alikuja na bega lililogeuzwa: tufe la chuma likakaa kwenye bapa la bega, palipokuwa na kikombe, na kikombe kikahamia juu ya mfupa wa mkono. Hapo msuli mkubwa wa nje, ule unaochomwa sindano ya chanjo, unaweza kuinua mkono peke yake, kama anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo mrefu badala ya mfupi.

Kwa hiyo mshipa wa fahamu wa msuli huo hupimwa kwanza. Ukifa, bega hili halina wa kuliinua. Nao umezunguka shingo ya mfupa uleule, ndiyo maana naogopa sana mabega yanayovutwa nyumbani. Kijana wa bodaboda ameanguka barabara ya Singida, watu wanavuta wakidhani ameteguka tu, kumbe amevunjika. Kwa vijana madaktari hujaribu vyuma kwanza, maana kiungo bandia huchakaa.

Bega lililoteguka bila kuvunjika kwa kawaida hurudishwa bila kisu likiwahiwa. Likiachwa wiki kadhaa, makovu hujaza nafasi yake na upasuaji huwa mgumu. Majeruhi akipelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au hospitali ya mkoa, mkono ufungwe kifuani kwa khanga vilevile ulivyo, naye asile kitu njiani, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi.