Mimba ikifika kitovuni: mambo ya wiki ya 20

Kaa kwenye benchi la CPN, kliniki ya wajawazito, hapa Bukavu uangalie nani anaingia. Wengi ni wale wa miezi ya kwanza, kichefuchefu kimewachosha, na wale wa mwezi wa nane wanaohesabu siku. Wa katikati ni wachache, na sababu yao inaeleweka: wanajisikia vizuri. Kutapika kumekwisha, bugali na sombe vinapita tena kooni, na tumbo bado si zito kiasi cha kumzuia mtu kupanda vilima vya Kadutu na bidoni ya maji. Mama mwenye nguvu zake atapoteza vipi asubuhi nzima kwenye foleni, na biashara sokoni inamngoja?

Jibu letu wakunga ni hili: vipimo vya mwezi wa tano kazi yake kubwa ni mwezi wa nane.

Chukua tansio, yaani presha ya damu. Mimba inapokua, mishipa ya damu hulegea na tansio hushuka kidogo, kisha miezi ya mwisho hupanda tena taratibu. Mama aliyeandikiwa 100/60 katikati ya mimba, akija wiki ya 34 na 135/85, bado hajafika 140/90 tunayoiita tansio ya juu. Lakini mkunga aliye na ile namba ya kwanza kwenye fishi, kadi ya mama, atashtuka, atapima mkojo kutafuta protini, na atamwita mama huyo mapema kuliko wengine. Asiye nayo atamwambia "uko sawa, mama, nenda." Ugonjwa wa tansio unaozaa kifafa cha mimba huanza kwa kawaida baada ya wiki ya 20, kwa hiyo namba ya sasa ndiyo tutakayoipima nayo kila kitu kitakachofuata.

Halafu kuna kamba ya sentimeta. Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wiki ya 20 ndiyo nusu ya safari. Shida ni kwamba wengi hawaijui siku hiyo, hasa waliopata mimba wakiwa bado wananyonyesha, kabla hedhi haijarudi. Hapo tumbo lenyewe ndilo linalosema. Tunamwomba mama aende kwanza chooni, maana kibofu kikijaa husukuma mfuko wa uzazi juu na kutudanganya. Analala chali, tunaweka ncha ya kamba kwenye mfupa wa kinena, tunapanda nayo mpaka pale mkono unapohisi mfuko umeishia. Wiki ya 20 mwisho huo uko karibu na kitovu. Tangu hapo sentimeta na wiki hukaribiana: wiki 28, sentimeta 28 hivi, zikizidi au zikipungua mbili hatuna neno. Ikizidi sana tunauliza mapacha, au maji mengi, au hesabu mbaya ya tarehe. Ikipungua tunauliza kama mtoto anakua. Lakini maswali hayo yanahitaji kipimo cha nyuma cha kulinganisha.

Ekografi, picha ya mtoto tumboni kwa mashine, nayo ina wakati wake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau moja kabla ya wiki ya 24, kwa sababu kadiri mimba inavyosonga ndivyo picha inavyokosea zaidi kukadiria umri wake. Kati ya wiki ya 18 na 22 viungo vinaonekana vizuri. Mama mkwe aliyesindikiza atauliza swali moja tu: "Docta, ni kijana ao ni binti?" Hatumlaumu. Ila daktari ana orodha yake kabla ya hilo: watoto ni wangapi, kichwa, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, figo, kiasi cha maji, na kondo la nyuma limekaa wapi.

Hilo la kondo nalisisitiza. Likiwa chini, karibu na mlango wa kizazi, usiogope mara moja. Kwa wengi hupanda jinsi mfuko unavyotanuka, na tunarudia picha karibu na wiki ya 32. Likibaki limeziba mlango, damu nyingi inaweza kutoka bila maumivu yoyote, na mama huyo hapaswi kuzalia kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji. Aliyewahi kupasuliwa kwenye uzazi uliopita amwambie mpimaji, maana kondo linaweza kujishika kwenye kovu. Ni afadhali familia ijue haya miezi minne mapema kuliko saa nane ya usiku, mvua inanyesha na pikipiki inateleza kwenye udongo wa Panzi.

Pesa ya ekografi isipopatikana, njoo CPN hivyo hivyo. Tuna koni ya mbao ya kusikiliza moyo wa mtoto, unaopiga mara 110 hadi 160 kwa dakika.

Mtoto mwenyewe sasa ana sentimeta kama 25 toka kichwa hadi kisigino na gramu 300 hivi. Amepakwa utando mweupe wa mafuta unaokinga ngozi yake. Anacheza sana, ila mama wa mimba ya kwanza huanza kumhisi wiki ya 18 hadi 20, na mwanzoni hudhani ni gesi tumboni; aliyekwisha kuzaa humhisi mapema zaidi. Kondo likikaa upande wa mbele, linazuia mateke yasisikike upesi. Wiki ya 24 ikifika bila kuhisi kitu, njoo.

Mwili wa mama nao una vituko. Maumivu ya ghafla kwenye kinena unapoinuka haraka ni kano zinazovutika; geuka ubavu kwanza ndipo usimame. Mstari mweusi tumboni na madoa usoni ni homoni, wala si jicho la jirani. Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama sokoni ni kawaida. Uso kuvimba asubuhi si kawaida.

Chakula hakihitaji kitu cha dukani. Sambaza za ziwa letu, maharagwe, lengalenga, tunda lenye uchachu. Kuna nyumba ambamo mwenye mimba hukatazwa mayai. Hatuna sababu hata moja ya kitabibu ya kumnyima. Vidonge vya chuma na asidi foliki ni vya kila siku, usivinywe pamoja na chai kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini, na choo kikiwa cheusi usikatishe. Na wewe unayetafuna udongo kwa siri: hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukuletea minyoo. Tuambie tupime damu, hatutakucheka.

Baridi ya mita 1,500 isikudanganye kuhusu malaria. Lala ndani ya chandarua kila usiku. Fansidar ya kuzuia malaria, vidonge vitatu unavyomeza mbele ya muuguzi, huanza mwezi wa nne na kurudiwa, mwezi mmoja au zaidi ukipita kati ya dozi na dozi, angalau dozi tatu. Anayetumia Bactrim kwa sababu ya VVU hapewi. Amwambie muuguzi kwa sauti ndogo, inatosha.

Damu ukeni, maji yanayovuja, kichwa kinachouma sana na macho kuona giza, homa, degedege, maumivu ya tumbo yasiyotulia: hayo hayangoji siku ya CPN wala kupambazuka. Baba awe na namba ya mwenye pikipiki tangu sasa, na pesa kidogo imewekwa pembeni.

Miadi inayofuata ni wiki ya 26. Njoo na fishi ile ile. Ukihamia kwa dada yako Goma, ihame nawe.